Subaru kuukuu ikigonga mbele Busia: pima chasisi kwanza, nozikati baadaye

BUSIA – Subaru Impreza zilizotengenezwa kati ya mwaka 1992 na 2007 bado zina wapenzi wengi pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Magari hayo yamezeeka, lakini wenyewe hawako tayari kuyaacha. Yanapogonga kwa mbele, kazi ya kuyarudisha barabarani huwagusa watu wengi: fundi wa bodi, muuza spea, wakala wa forodha na mwenye lori la kubebea mizigo.

Katika ukanda wa Buteba, upande wa Uganda kati ya miji ya Busia na Tororo, kazi hiyo ina ugumu wa ziada. Gari linaweza kugonga upande mmoja wa mpaka, fundi akawa upande wa pili, na vipuri vikatoka Nairobi, Kampala, Dubai au Japani. Kila hatua ina gharama na karatasi zake. Hatua zikifuatana vibaya, fedha zinazopotea huzidi bei ya bampa na taa.

Kosa linalogharimu zaidi ni kununua vipuri kabla ya kujua kama chasisi imesogea. Makala haya yanaeleza namna ya kupima, lini inafaa kununua pua nzima ya gari, na nini kinatokea pua hiyo inapofika forodhani.

Kwa nini gari la zamani halitupwi

Sababu ya kwanza ni sheria za umri wa magari. Nchini Kenya, kiwango cha KS 1515:2000 kinazuia kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, hutoa tangazo la kuwakumbusha waagizaji mwaka unaoruhusiwa. Nchini Uganda, marekebisho ya sheria ya barabara ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo, bali huongeza ushuru wa bidhaa kwa magari ya zamani.

Impreza za kizazi cha kwanza zilitoka kiwandani kati ya 1992 na 2000, na za kizazi cha pili kati ya 2000 na 2007. Maana yake ni kwamba zote zimevuka ukomo wa Kenya na ule wa Uganda. Zilizoko ndizo hizo hizo. Kila moja inayokatwa na kuuzwa vipande inapunguza idadi, wala hakuna nyingine inayoweza kuagizwa kwa njia ya kawaida kuziba pengo lake katika nchi hizo mbili.

Kwa lugha ya uchumi, ugavi umefungwa huku mahitaji yakiendelea. Ndiyo maana gari ambalo kampuni ya bima ingelihesabu kuwa limekufa, mwenyewe anaweza kuona faida ya kulitengeneza.

Sababu ya pili ni historia. Impreza ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Kabla ya hapo, Mkenya Patrick Njiru alikuwa amewazoesha mashabiki kuiona Subaru kwenye vumbi la Safari. Mapenzi ya aina hiyo hayapimwi kwa bei ya soko peke yake.

Kugonga lori na kugongana uso kwa uso ni mambo mawili

Barabara za kwenda Busia na Malaba hujaa malori. Mengine husimama pembeni usiku yakiwa hayana taa wala vibao vya kuakisi mwanga. Gari dogo likiingia nyuma ya lori namna hiyo, halipigwi kwenye bampa. Sakafu ya lori iko juu, hivyo pua ya gari hupita chini yake, na kipigo huanguka kwenye boneti, taa, fremu ya rejeta na rejeta yenyewe. Chuma kilicho ndani ya bampa kinaweza kubaki kizima kabisa.

Ajali kama hiyo inatisha kwa macho. Boneti imekunjwa kama karatasi, maji yamemwagika, taa hazipo. Hata hivyo, mihimili miwili ya mbele, ile ambayo mafundi huiita miguu ya chasisi, inaweza kuwa haijaguswa. Gari hilo hutengenezeka kwa kubadilisha vitu vinavyofungwa kwa bolti na kipande cha fremu ya rejeta.

Kugongana na gari jingine uso kwa uso, au kugonga mti, ni tofauti. Hapo kipigo hupokelewa na chuma cha bampa na kupelekwa moja kwa moja kwenye miguu ya chasisi. Kwa nje gari linaweza kuonekana zuri kuliko lile lililoingia chini ya lori. Kwa ndani mguu mmoja umerudi nyuma, au umepinda kuelekea pembeni, na gurudumu limesogea pamoja nao.

Impreza, kama magari mengi madogo, haina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi na chasisi ni kitu kimoja kilichounganishwa kwa nukta za kuchomelea. Sehemu moja ikisogea, nyingine zinafuata. Kwa sababu hiyo picha iliyotumwa kwa simu haitoshi kukadiria gharama, na mnunuzi anayenunua gari lililogonga kwa kutazama picha anacheza bahati nasibu.

Vipimo vinne kabla ya kununua kipuri

Vipimo vifuatavyo havihitaji mashine ya bei kubwa. Vinahitaji futi ya chuma, kamba, mahali palipo tambarare na watu wawili.

Kwanza, milango. Fundi afungue na kufunga milango ya mbele polepole. Mlango ukishuka unapofunguliwa, au nafasi kati yake na madigadi ikiwa nyembamba juu na pana chini, kuna kitu kimesogea nyuma ya gurudumu. Hilo si jambo la bampa tena.

Pili, urefu kati ya magurudumu. Magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooshwa, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa mfupi, gurudumu limesukumwa nyuma. Inaweza kuwa mkono wa chini umepinda, na huo ni wa kufungua na kubadilisha. Inaweza pia kuwa mguu wa chasisi, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Tatu, mshazari. Ndani ya chumba cha injini, chagua matundu ya bolti yanayofanana kulia na kushoto. Pima kutoka tundu la mbele kulia hadi makao ya shokapu ya kushoto, kisha kinyume chake, kama herufi X. Katika kazi ya bodi, tofauti ya hadi milimita 3 hivi huvumilika. Ikifika sentimita moja, gari linahitaji kuvutwa kwenye fremu ya kunyooshea, na hakuna nyundo itakayochukua nafasi yake.

Nne, rangi na gundi ya maungio. Mulika tochi kwenye miguu ya chasisi, hasa karibu na inapoungana na ukuta uliopo kati ya injini na dashibodi. Rangi iliyopasuka kwa mistari, chuma kilichojikunja kidogo, au gundi iliyoachana ni alama kwamba nguvu ya ajali ilifika hapo.

Gari likifaulu vipimo vyote vinne, mwenyewe anaweza kuanza kutafuta vipuri bila hofu kubwa. Likishindwa cha tatu au cha nne, gharama ya kunyoosha iwekwe mbele ya hesabu yote. Vipuri vizuri vikifungwa juu ya chasisi iliyopinda, boneti haitafunga, taa zitaangalia pembeni, na matairi yataliwa upande mmoja katika muda mfupi.

Nozikati ni nini, na inafaa lini

Nozikati ni pua nzima ya gari iliyokatwa, kwa kawaida Japani, na kuletwa ikiwa kitu kimoja: boneti, taa, bampa, fremu ya rejeta, mara nyingi rejeta, feni na kondensa ya AC, na wakati mwingine madigadi yote mawili. Huuzwa katika maeneo ya spea kama barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, na Kisekka jijini Kampala. Ikija pamoja na injini na dashibodi, hiyo si nozikati tena bali nusu gari, na ina maswali yake.

Faida ya nozikati ni kwamba sehemu zake zimeishi pamoja. Boneti inakaa sawa na taa, taa zinakaa sawa na bampa, na vishikizo vidogo vya plastiki ambavyo havipatikani kirahisi vipo mahali pake. Kwa gari la zamani jambo hilo ni kubwa, kwa sababu baadhi ya vipuri vipya vya kiwandani havitengenezwi tena.

Hasara yake ni kulipia vitu ambavyo havihitajiki. Njia ya kuamua ni rahisi. Fundi aandike orodha ya vilivyoharibika na bei ya kila kimoja kikinunuliwa peke yake. Jumla ikikaribia bei ya nozikati pamoja na usafiri na ushuru wake, nozikati ni bora, maana vinavyobaki vinaweza kuuzwa. Ikiwa kilichovunjika ni taa moja, boneti na rejeta tu, kununua pua nzima ni kuhamisha mtaji kwenye chuma kitakachokaa gereji kikipata kutu.

Kwa msafirishaji, nozikati ni mzigo mwepesi unaochukua nafasi kubwa. Taa zake huvunjika njiani kuliko kitu kingine. Wanaozibeba mara kwa mara huzisimamisha juu ya matairi ya zamani, hufunika taa kwa matandiko, na hufunga kamba kwenye fremu ya rejeta badala ya bampa. Picha zipigwe wakati wa kupakia na wakati wa kupakua, mbele ya mwenye mali. Bila picha, ugomvi wa nani aliyevunja taa hauishi.

Impreza moja, nyuso tatu

Mfanyabiashara anayeagiza "taa za Impreza ya 2003" anaweza kujikuta na mzigo usiouzika. Kizazi cha pili cha gari hilo kilibadilishwa uso mara mbili. Zilizotoka mwaka 2000 zilikuwa na taa za mviringo. Kuanzia mwishoni mwa 2002 zikaja taa nyingine zisizo za mviringo, na kuanzia 2005 taa kali zilizoinuka pembeni. Boneti, bampa na taa za uso mmoja hazikai vizuri kwenye uso mwingine bila kubadilisha vyote kwa pamoja.

Kuna mtego mwingine. Sedani na wagoni za kizazi hicho zinafanana kwa mbali, lakini madigadi ya mbele ya sedani ni mapana kuliko ya wagoni. Nozikati ya wagoni kwenye sedani huacha ukingo unaoonekana hata baada ya kupaka rangi. Tena, magari yenye turbo yana boneti yenye tundu la kupitishia hewa ya kupoza intakula iliyoko juu ya injini, na yasiyo na turbo hayana tundu hilo.

Baadhi ya boneti hizo pia ni za alumini. Sumaku isiponasa, fundi ajue kwamba nyundo na vifaa vyake vya kuchomelea chuma cha kawaida havitafaa hapo.

Kwa hiyo agizo liandikwe kwa kutumia namba ya chasisi na herufi za modeli, kama vile GDA, GDB au GGA, pamoja na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Mwaka wa usajili Kenya au Uganda hauna msaada, kwa sababu gari huenda lilikaa Japani miaka kadhaa kabla ya kuletwa.

Forodhani: kipuri cha Japani kinabaki cha Japani

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wengi hukwama. Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC, ina utaratibu rahisi kwa mizigo midogo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Anayebeba bidhaa hizo hupata cheti rahisi cha asili hapo hapo mpakani na hasamehewi karatasi zote, lakini anasamehewa ushuru wa forodha. Sharti ni kwamba bidhaa iwe imetoka ndani ya Jumuiya: mahindi, samaki, sabuni na nyingine zilizomo kwenye orodha.

Nozikati ya Subaru haimo. Kupita Mombasa au kukaa miezi sita kwenye duka la Nairobi hakuifanyi kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Ikivuka kuingia Uganda, Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, huihesabu kama bidhaa ya kigeni hata kama ushuru wake ulikwisha kulipwa Kenya. Mwenye kununua Nairobi ili kutengeneza gari lililoko Buteba aweke gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kulipa muuzaji.

Kwa mzigo unaotoka ng'ambo, njia nafuu ni kuutangaza tangu mwanzo kuwa unaenda Uganda. Chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza mwaka 2014, kodi za mzigo wa Uganda hutathminiwa na kulipwa URA wakati mzigo ungali Mombasa. Hapo unalipa mara moja tu.

Jina la mzigo nalo lina bei. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, bampa ziko kwenye namba 8708.10, rejeta 8708.91, na taa za gari ziko kwenye fungu tofauti kabisa la 8512. Viwango vya ushuru wa pamoja wa EAC ni asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Mzigo ulioandikwa "spea mchanganyiko" humwachia ofisa kazi ya kuamua.

Mfano wa hesabu ni huu. Chukua kipuri chenye thamani ya forodha ya 100. Kikitozwa ushuru wa asilimia 10, kinafika 110. VAT ya Uganda ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya 110, yaani 19.8. Jumla ya kodi hizo mbili ni 29.8. Kikiwekwa kwenye asilimia 25, kinafika 125, VAT ni 22.5, na jumla ya kodi ni 47.5. Tofauti ni 17.7 kwa kila 100, kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala. Nchini Kenya hesabu ni ya namna hiyo hiyo, ila VAT ni asilimia 16. Kiwango halisi cha kila namba kiulizwe kwa wakala mwenye leseni kabla ya kuagiza.

Wanaofikiria kuagiza nusu gari wawe na tahadhari zaidi. Kanuni ya pili ya uainishaji inasema kitu kisichokamilika, lakini chenye sura na tabia muhimu za kitu kizima, huhesabiwa kama kizima. Nusu mbili za gari moja zikifika ndani ya kontena moja, forodha ina msingi wa kusema hilo ni gari, na hapo ukomo wa umri unaingia.

Njia za panya zinazopita mashambani hazipunguzi gharama hizo. Sheria ya forodha ya EAC inaruhusu kutaifisha mzigo usiolipiwa pamoja na chombo kilichoubeba. Mwenye bodaboda anayekubali kuvusha nozikati kwa ujira mdogo anaiweka rehani pikipiki yake yote.

Gari la Kenya likigonga Uganda

Gari lenye namba za Kenya huingia Uganda kwa kibali cha muda, na siku zake zimeandikwa kwenye kibali. Ajali haisimamishi siku hizo. Kazi ya bodi inaweza kuchukua wiki kadhaa, hivyo mwenye gari aombe nyongeza ya muda URA kabla kibali hakijaisha, akiwa na ripoti ya polisi na barua ya gereji.

Ripoti ya polisi ni ya lazima hata kama waliogongana wamepatana. Nchini Uganda gari lililopata ajali hukaguliwa na mkaguzi wa magari wa polisi. Nchini Kenya, hati ya polisi inayojulikana kama abstrakti ndiyo msingi wa madai ya bima. Gari lisianze kufunguliwa kabla ya ukaguzi.

Kuhusu bima, kadi ya njano ya COMESA inayotumika kuvuka mipaka hulipia madhara ya mtu wa tatu na matibabu ya waliojeruhiwa. Haitengenezi pua ya gari la mwenyewe. Mwenye bima kubwa aulize kwa maandishi kama inafanya kazi nje ya nchi yake, na aulize kabla ya safari.

Jambo jingine ni namba ya chasisi. Kwenye Subaru nyingi za Japani imepigwa kwenye ukuta uliopo nyuma ya injini. Nozikati inayokatwa mbele ya makao ya shokapu haiigusi. Fundi anayekata nyuma zaidi na kuhamisha ukuta huo anahamisha utambulisho wa gari, na kosa hilo linaweza kumfikisha mwenyewe mahakamani. Injini ikibadilishwa, namba mpya iandikishwe kwenye mamlaka ya usajili, la sivyo gari litakwama mpakani siku namba zitakapolinganishwa.

Kubeba gari lenyewe

Impreza nyingi huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Bredauni inayoinua magurudumu mawili na kuacha mawili yakizunguka barabarani inaweza kuharibu difu ya katikati kabla ya kufika Tororo. Gari hilo libebwe juu ya lori lenye kitanda, magurudumu yote manne yakiwa hewani. Bei ya lori ni kubwa kuliko ya bredauni, lakini ni ndogo kuliko ya giaboksi.

Wala lisiendeshwe "polepole hadi mjini" likiwa na rejeta iliyotoboka. Injini yake ni ya silinda zilizolala pande mbili, na joto likipanda, gasketi za vichwa hazidumu. Safari fupi namna hiyo inaweza kugeuza ajali ya bodi kuwa kazi ya injini.

Mpangilio wa kazi gereji

Gereji nzuri hufuata utaratibu huu.

1. Betri hutolewa na kusubiriwa dakika kadhaa kabla ya kugusa nyaya za begi za hewa. Begi ikiwa imefunguka, ibadilishwe pamoja na vihisi vyake kwa kufuata maelekezo ya kiwanda. Begi zilizotolewa kwenye magari mengine ni hatari, na begi za kampuni ya Takata zilirudishwa kwa mamilioni duniani kwa sababu dawa yake huharibika kwa joto na unyevu.

2. Chasisi huvutwa na kupimwa upya kabla ya kuondoa kilichopinda. Chuma kilichoharibika husaidia kushika mnyororo. Kikikatwa mapema, fundi anakosa mahali pa kuvutia.

3. Mkanda wa taiming hukaguliwa. Kwenye injini hii rejeta na feni ziko mbele yake moja kwa moja, na kifuniko chake ni cha plastiki. Rejeta ikirudi nyuma, kifuniko huvunjika na kipande kinaweza kuingia kwenye mkanda. Mkanda ukiruka kwenye injini za turbo za aina hiyo, vali hugonga pistoni. Injini isiwashwe kabla ya kifuniko kufunguliwa.

4. Fremu ya rejeta huchomelewa kwa MIG au kwa nukta, si kwa gesi. Bati la gari ni jembamba, na moto wa gesi hulipindisha na kulilegeza.

5. Boneti, taa, madigadi na bampa hufungwa vyote kwa majaribio kabla ya rangi. Mianya isipolingana, tatizo ni la hatua ya pili, na fila haitalificha.

6. Maungio yote hupakwa praima ya kuzuia kutu na gundi, na ndani ya mihimili hupulizwa nta. Karibu na Ziwa Victoria mvua ni nyingi, na maungio yaliyoachwa wazi huanza kuoza ndani huku rangi ya nje ikimeremeta.

7. Mfumo wa kupoza hujazwa na kutolewa hewa, feni zote mbili hujaribiwa, kisha gari hupelekwa kwenye alaimenti. Karatasi ya alaimenti ihifadhiwe. Mnunuzi wa kesho ataiamini kuliko maneno ya fundi.

Hesabu ya kufanya au kuacha

Mwenye gari, au mfanyabiashara anayetaka kununua gari lililogonga ili alitengeneze na kuliuza, ajumlishe mambo matano: kunyoosha chasisi, vipuri pamoja na ushuru na usafiri wake, kazi ya bodi na rangi, kazi ya injini na kupoza, na karatasi za polisi, kibali na usajili. Aongeze akiba kwa ajili ya yale yatakayoonekana baada ya kufungua, kwa sababu hayakosekani.

Jumla hiyo ilinganishwe na bei ya Impreza kama hiyo iliyo safi katika nchi gari liliposajiliwa, si upande wa pili wa mpaka. Gari la Kenya lililotengenezwa Uganda bado litauzwa Kenya. Umri wake hauruhusu kusajiliwa upya Uganda kama gari lililoingizwa.

Ikiwa miguu ya chasisi ni mizima, mara nyingi hesabu hukubali. Ikiwa umepinda mmoja na gereji yenye fremu ya kunyooshea iko karibu, inawezekana. Ikiwa imepinda yote miwili na ukuta wa nyuma ya injini umesukumwa, gari hilo lina thamani kubwa zaidi likiuzwa vipande: giaboksi, difu, viti, milango na injini, ikiwa imesalimika. Vipande hivyo vitahifadhi Impreza nyingine mbili au tatu barabarani, na muuzaji atatoka na fedha badala ya deni la gereji.